Mikono Miwili ya Kushoto

Mama Kashindye, njoo kesho.
Nilisema Jumatatu, pini zikiwa mdomoni,
nikasema Alhamisi bila kuinua macho,
wiki iliyofuata nikamtuma kijana aseme
fundi ameenda Urambo, msibani.
Urambo hakukuwa na maiti.
Maiti alikuwa ndani ya rambo, chini ya cherehani:
satini nyeupe ya kipaimara cha mjukuu wake,
iliyonunuliwa kwa ndoo mbili za asali ya Sikonge,
nami nikaikata usiku, umeme ukisinzia,
mikono miwili, yote ya kushoto.

Basi nikawa hodari wa kazi nyingine.
Nikapaka mafuta cherehani isiyolia.
Nikapanga vifungo kwa rangi, kisha kwa ukubwa,
nikashona viraka vya watu wasiokuja kuvidai.
Anayekimbia kazi moja hufanya kumi.

Chungu nimewatazama, ndiyo, kama tulivyoagizwa.
Walipita chini ya pedali na punje ya mchele,
hawana msimamizi, hawana saa.
Nikawaonea wivu, nikaendelea kukaa.

Jumapili, Isevya, bati likilia kwa mvua,
mwinjilisti akasoma lile la jirani:
usimrudishe mtu kwa neno la kesho
na kitu chake unacho hapo ulipo.
Hakunitazama, macho yake ni mabovu,
lakini shingo yangu ilipata joto
kama pasi ya mkaa imepita karibu.
Na yule mvivu wa maandiko, anayedai nje kuna simba,
nilikuwa nikimcheka tangu utoto.
Simba wangu alikuwa bibi wa kilo arobaini,
msuka mikeka, asiye na meno ya mbele.

Nilingoja ujasiri. Haukuja.
Nikaenda na tumbo langu hivyo hivyo, linasokota,
nikavuka reli kabla ya treni ya Mpanda,
rambo kwapani, na kila nyumba niliyoipita
ilikuwa na sababu nzuri ya kunisimamisha.

"Nimeiharibu," nilisema, hodi haijajibiwa.
Akaitoa satini, akanyoosha mikono ile gotini,
kushoto,
kushoto.
Akanitazama jinsi mimi ninavyowatazama watu:
mabega, kifua, kiuno.
"Kitambaa kiliharibika siku moja," alisema.
"Hizi nyingine kumi na nane ni za nini?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.
Aliingia ndani, akarudi na pazia la lesi,
akanitupia mapajani, na sindano juu yake.
"Mikono itoke hapa. Na ushone hapa hapa, nikikuona."

Mwanga ulikuwa umebaki kidogo.
Tundu la sindano nililikosa mara tatu,
nikalamba uzi,
mara ya nne ukapita.