Kisanduku Juu ya Mlango

Sinaw, mwezi wa saba, saa nne asubuhi,
na chuma cha ngazi tayari hakishikiki.
Nafungua kisanduku juu ya mlango wa majlisi.
Harufu ndiyo inayonipokea:
plastiki iliyoungua, tamu kidogo,
kama sukari iliyosahauliwa jikoni.

Bi Shinuna ameshika ngazi kwa mkono mmoja,
wa pili una birika la kahawa.
"Umeona nini, Mundhir?"
Hiki cheupe, Bi, cha skrubu,
kinachouzwa kwa ukanda, unakata vinundu kwa kisu.
Mchana kinavimba, usiku kinanywea,
miaka sita ya kuvimba na kunywea,
skrubu ikalegea nusu mzunguko.
Kwa kiyoyozi, nusu mzunguko ni mlango wa moto.

Mfukoni nimekuja na ukoo mzima.
Kofia za kusokota, nyekundu na manjano:
waya mgumu zinaupenda,
waya wa nyuzinyuzi unaziponyoka.
Vibano vya shaba: koleo likishauma limeuma,
ni talaka tatu, hakuna kurejea.
Vile vya kusukumia tu, rahisi,
mteja wao ni fundi mvivu
(nimewahi kuwa mteja).
Na hivi vya wenzo, vyenye masikio ya rangi ya chungwa:
inua sikio, tia waya, laza sikio.
Kurian dukani anakiuza baisa mia mbili kimoja,
mia na themanini ukimuulizia wanawe.

"Na cha marehemu?"

Kipo pembeni, nyuma ya buibui na vumbi.
Fundo la shaba, limesokotwa kwa vidole,
likatiwa lehemu, likazongwa utepe wa kitambaa,
na juu ya utepe, uzi,
ule ule wa kushonea kofia.
Kazi ya Sueid bin Khalfan,
aliyerudi kutoka Tabora na koleo moja na redio.
Nalivuta. Halitikisiki.
Miaka arobaini na moja!
Naona haya, mimi na masikio yangu ya chungwa.

Lakini lilifungwa kwa feni na balbu mbili.
Waya wenyewe mwembamba,
ngozi yake inapukutika kama ganda la kitunguu.
Fundo zima, njia imechoka.
Namwambia hivyo, kwa maneno mafupi,
maana jasho limeniingia machoni.

"Hicho chako kinafunguka?"
"Kinafunguka, Bi."
"Basi hicho si kiungo. Hicho ni ugeni."

Simjibu. Namfikiria
atakayepanda ngazi hii baada yangu,
labda mjukuu wake, labda mtu wa Chittagong
asiyejua jina la mwenye nyumba.
Huyo atainua sikio, atatoa waya, basi.
Mimi leo nimepanda na kisu.

Nimezima. Nimepima. Nimepima tena.
Mara ya tatu ni kwa ajili ya mama yangu.

Nakata.
Sauti yake ndogo, kama mtu anayemeza mate.
Chini, kiganja kimekwisha kufunguliwa.
Naliweka fundo humo, lingali na joto la dari.
Analigeuza, anatafuta ncha ya uzi,
haipati. Aliificha ndani, anasema,
kila kitu alikuwa akificha ncha.

Waya mpya, mnene. Sikio, sikio, sikio.
Kiyoyozi kinakohoa, kinasita, kinapuliza,
na pazia linasogea kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.
Fundo limeingia kopo la halua
pamoja na vifungo vya kanzu
na funguo za nyumba zilizokwisha kubomolewa.

Ananimiminia kikombe cha tatu.
Natikisa kikombe, nimetosheka.
Anakaa. Anasikiliza ule upepo
kama mtu anayeonja chumvi.

"Panda tena," ananiambia.
"Kivute hicho chako, nione."

Nikazima.
Nikapanda.
Nikavuta.