Kifungu cha Kumi na Nne

Saa tisa na dakika saba usiku, mwezi wa Machi,
sasisho liliingia kimyakimya
kama mgeni mwenye ufunguo wake.
Roboti nne za kukamulia zikainua mikono,
zikaganda.

Huko Wommels, Frisia, ng'ombe mia na tisini na wawili
walipanga foleni kama walivyozoeshwa,
kila mmoja na namba yake shingoni,
na hakuna aliyeitwa.

Sjoukje Wiersma alipiga simu ya msaada.
Simu ilimshukuru kwa subira yake.
Ikampigia kinanda.
Ikamshukuru tena.

Kulipopambazuka alikuwa na majirani watatu,
ndoo zilizowahi kubeba rangi,
na vidole vilivyosahau kazi ya mama yake.
Siku mbili. Viwele vikawa vigumu kama jiwe la kusagia,
vikawaka moto.
Walikufa kumi na mmoja.
Wa mwisho, Tsjerkje, alimlamba kiganja kwanza.

Sasa ni Novemba, mahakamani Leeuwarden.
Wakili wa kampuni, Bwana van Asperen, suti rangi ya mvua,
anasoma kifungu cha kumi na nne, aya ya tatu:
*dhima yetu, ikiwa ipo, haitazidi
ada ya leseni ya miezi kumi na miwili.*
*Ikiwa ipo.* Anayatamka kwa upole,
kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.
Euro elfu mbili na mia nne, basi.
Anasema, tunasikitika.
Hasemi, tulikosea.

Wahenga wangu walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema lolote juu ya maziwa,
wala juu ya aliyeupiga mtungi teke
kisha akaleta karatasi
kwamba mtungi ulikubali.

"Ulikubali?" jaji anauliza.
"Nilikubali."
"Ulisoma?"
"Kurasa sitini na mbili, mheshimiwa. Saa kumi alfajiri,
glavu zimelowa. Kitufe kilikuwa kimoja.
Mashine ilikataa kukamua mpaka nikibonyeze,
na ng'ombe hajui kusubiri wanasheria."

Kalamu ya jaji ikasimama.
Ikaendelea.
Hukumu, baada ya wiki sita.

Jioni, bandani, roboti zinanong'ona kama kawaida
mpaka skrini inapowaka buluu:
*Masharti yetu yamebadilika.*
*Kubali.*
Chini yake hakuna neno jingine.
Namba arubaini na moja amesimama tayari,
maziwa yameanza kudondoka yenyewe kwenye saruji.

Sjoukje anavua glavu.
Anavuta kigoda, anatega ndoo,
na huku akikamua, macho yakiwa kwenye skrini,
anaanza kusoma, kwa sauti,
ukurasa wa kwanza.