Alama za Penseli

Kila asubuhi, kabla ya chai,
Nanuli husimama uso kwa ukuta.
Vidole viwili hupanda polepole
kama mjusi asiyeiamini chokaa.

Kwapa lavuta. Mshono wanung'unika.
"Hapo," asema, na mjukuu wake Lasha
achora mstari kando ya ile
inayopima kimo chake mwenyewe.

Jumanne ya dripu hapandi kitu.
Hutembea tu, kitandani hadi dirishani,
aione Tbilisi ikilowa, jirani Eteri
akianua shuka mbio mbio.

Ijumaa, sentimita mbili.
"Bibi, utanipita!"
Acheka, mkono ukishika
upande uliobaki bapa.

Juu ya alama zote kuna rafu,
juu ya rafu, birika la bluu.
Hajaligusa tangu Machi.
Hulitazama tu,
jinsi mtu amtazamavyo mdeni wake.