Mnyoo na Mnyororo

Siku ya kumi na nane leo, Kulo,
umefungwa kwenye nguzo ya ghala la mtama,
na mto Shari unausikia
kama ninavyousikia mimi.

Mguuni mwako mnyoo umetoa kichwa,
mweupe, mwembamba, kama tambi iliyopikwa.
Kila asubuhi Mbairamadji wa zahanati
anauzungusha kwenye kijiti:
upana wa vidole viwili, basi.
Ukivutwa kwa pupa hukatika,
ukikatika, mguu huoza.

Ulikula matumbo ya samaki niliyoyatupa.
Kosa langu, mnyororo wako.

Unalia. Najua unachotaka:
kuuzamisha moto huo majini.
Hicho ndicho mnyoo unachotaka nao,
uwamwage watoto wake, maelfu,
pale pale tunapochota maji ya kunywa.

Nilikuwa na miaka saba. Mama alinifunga
kwa kilemba chake, kwenye tendegu la kitanda,
akaziba masikio.
Nilimwita mchawi hadi alfajiri.
Kovu hili hapa. Linuse.

Haya, nibwekee, Kulo. Nitukane.
Maji yako haya, kwenye bakuli.
Mto, bado.