Unene wa Karatasi

Oiva aliileta juu ya sleji, kaifunga kwa kamba,
mashine ya kurusha theluji, umri wake sawa na wangu,
ikidondosha oili njia nzima toka kwake,
vitone vyeusi juu ya weupe; hata kipofu wa Kuusamo
angemfuata kwa harufu.
"Gasketi imekufa," alisema,
"na kiwanda kilikufa kabla yake."

Nikamwonyesha tyubu. Nyekundu, imekunjwa mkiani
kama dawa ya meno ya mtu asiyetaka kununua nyingine.
Akaitazama kama atazamwavyo mkwe mgeni.

Baba yangu hakuiruhusu tyubu ivuke mlango huu.
Alikata gasketi kwa maboksi ya uji wa shayiri:
analaza karatasi juu ya chuma, anagonga ukingoni
kwa nyundo ndogo, tiki, tiki, tiki,
mpaka chuma chenyewe kinajichora.
Tulihimizwa kula ili maboksi yaishe.
Kwa uji nilijua injini ngapi zimeingia wiki hiyo.

Alipofariki nilinunua tyubu.
Sikungoja hata theluji ifunike kaburi.
Nikapaka kama mtoto apakavyo siagi,
na jirani yetu Ensio akaondoka na pampu isiyovuja tone.
Siku tisa. Kisha ikalia mara moja, ikakwama.
Nilipoifungua nilimkuta mnyoo mwekundu wa mpira
kalala kwenye mdomo wa njia ya oili.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tuambiwavyo.
Hatuambiwi kwamba anayeziba kwa pupa
huujenga ukuta uleule, ila ndani, pasipoonekana.
Ensio hakunidai chochote.
Miaka miwili alinisalimu kwa kidevu tu.

Kwa hiyo sasa nakwangua polepole, kwa plastiki,
nafuta kwa spiriti mpaka kitambaa kirudi cheupe,
na kabla ya kupaka, napima.
Karatasi iliyokufa ilikuwa na unene: robo ya milimita.
Nilibandua kipande chake kizima kimoja nikakipima mara tatu.
Robo hiyo haikuzuia oili tu;
ilikuwa nafasi ya shafti kwenda na kurudi, pumzi yake.
Iondoe, chuma kikumbatie chuma,
na shafti itazunguka kwa kuumia.
"Kuna vitu hukaa pamoja kwa sababu ya kilicho katikati,"
nilimwambia Oiva.
Akajibu kwamba Helvi hulala chumba cha pili
tangu mwaka wa tisini.

Nikatoa washa nene, nikatia nyembamba.
Kisha uzi mmoja wa tyubu, kama mstari wa kalamu,
upite upande wa ndani wa kila tundu la boliti,
urudi ulipoanzia bila mkono kuinuka.
Nikafunga kwa vidole.
"Kaza," alisema.
"Bado."
"Kaza, Taimi. Alhamisi Helvi anakwenda kusafishwa damu,
na gari halitoki uani."
Ilikuwa Jumanne. Nikatazama ukutani:
saa nzima ya vidole,
halafu spana, boliti hii na ya mkabala wake,
halafu siku, usiku na mchana, bila kugusa.
Hakuna aliyenionya kwamba sehemu ngumu ya ufundi
ni kukaa na mikono mapajani.

Jumatano jioni nikatia oili, nikavuta kamba.
Mara nne hakuna kitu. Ya tano ikashika.
Chini yake nilitandika ubavu wa boksi la uji,
ikanguruma hapo mpaka madirisha yakatoa jasho.
Oiva akapiga goti, akapitisha kiganja, akakinusa.
Kikavu.
Hakusema asante; alivaa glavu zake,
na nikausikia mngurumo ukipungua kuelekea kwake,
ukitulia kwenye kona, ukiendelea.

Kadibodi sikuitupa.
Karbureta ya Ensio i mezani tangu asubuhi.
Aliiacha hapo bila neno, juu ya gazeti,
na petroli, baba alikuwa akisema, haiheshimu tyubu.
Nikaifungua droo ya chini.
Nyundo ndogo ilikuwa na vumbi mpini tu.