Namba Mia Nne na Tatu

Asaa kaja Ngezi na magazeti ya zamani,
anabana majani katikati ya habari za mpira.
"Huu?"
Mpapindi. Ng'ambo ya maji hauoti.
"Na huu?"
Mtondoo; Tondooni yetu imekopa jina kwake,
mafuta yake yalipakwa miguu ya mama
mwaka ule wa upele.
Mchu, mkandaa, msinzi,
nayataja kama mtu ahesabuye wakwe.

Kisha akachuma kiua cheupe
kidogo kuliko punje ya mtama,
penye tope, ubavuni mwa mzizi.
Nikanyamaza.
Hakijatibu mtu, hakijaivisha chungu,
hata mbuzi hakijamkera.

Akakiandikia namba.

Jioni nikarudi peke yangu,
nikachutama topeni,
kukiomba radhi.