Dakika Kumi Juu ya Paa

Saa kumi na mbili na robo Mumo yuko mlangoni,
mkoba mgongoni, kiatu cha kushoto mguu wa kulia,
anangoja gari la manjano.
Tangu Machi halijaja. Sasa ni Julai.
Nilimchorea shule, nikaipiga kufuli kwa kalamu nyekundu.
Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni,
akaendelea kungoja.

Katika kadi zake za kuongelea kuna kikombe, kuna choo,
kuna bembea, kuna uso unaocheka na uso unaolia.
Janga ningelichora vipi?

Kamba ya barakoa aliitafuna yote.
Mlinzi wa duka akaninyooshea kipimajoto kama kidole:
"Mama, mfunze huyu adabu."
Nikarudi na unga bila maziwa,
ghorofa tano za Tassia, yeye mgongoni,
miaka tisa, kilo thelathini na moja.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Ajaribu mlinzi kuubeba.

Muthiani, hoteli ilimpa likizo isiyo na mshahara,
maneno mazuri, pazia juu ya ufa.
Hatugombani. Tunapokezana zamu:
yeye hadi saa saba, mimi hadi kuche,
Mumo na kijiko chake ukutani, ko, ko, ko,
na jirani wa chini na ufagio wake darini,
ko.

Alhamisi Mwalimu Adhola hupiga simu.
Ushanga ametunga? Ametunga.
Blanketi mmembembeza nalo? Tumembembeza.
Kisha, kama mtu aliyesahau kitu akarudi kukichukua:
"Na wewe, Mama Mumo, umelala?"
Nikafungua mdomo kujibu,
kilichotoka hakikuwa Kiswahili.
Akangoja. Salio likaliwa. Akangoja bado.
"Dakika kumi kwa siku," akasema,
"si za mtoto, si za mumeo, si za sala hata. Zako."

Basi jioni, kafyu ikishafunga mji,
napanda nyuma ya tangi jeusi,
nainamisha beseni, nakaa.
Sifanyi kitu. Hata kulia sijajipangia.
Ndege za Embakasi hazinguruma tena juu yetu;
kumbe mtoni bado kuna vyura.

Paa la pili, kati ya shuka za watu,
kuna mwanamke na msichana mkubwa kitini,
shingo imeegemezwa kwa leso,
uji kijiko kwa kijiko, na nusu yake kidevuni.
Siku ya kwanza tulitazamana tukaepana.
Ya pili akainua kijiko. Nikainua mkono.
Ya tatu nikapaza sauti:
"Wako anaitwa nani?"
"Kwamboka! Na wako?"
"Mumo!"
Kimya. Shuka zikapepea.
"Na wewe, unalala?"
"Wapi!"

Wapi! Tukacheka, Mungu wangu, tukacheka
mpaka Muthiani akapanda mbio akidhani ni msiba,
akanikuta nimeshika mbavu, beseni limepinduka,
na ng'ambo mama asiyemjua akijifuta macho kwa leso ya uji.

Chini kijiko kikaanza. Ko, ko.
Nikatazama saa: dakika saba.
Tatu nadai.
Kesho nitazichukua.